Wilkister na Ruhusa ya Mahali

Wilkister Auma alifuma kitambaa miaka ishirini na tisa katika kiwanda kimoja mjini Thika, na kilipofungwa alitoka na masikio mabovu. Hakuyapoteza kwa siku moja. Kwanza ndege walinyamaza, kisha kengele ya kanisa, kisha watu wakaanza kusema mambo nusu nusu. Alipofika miaka sitini na tatu alikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi zito kichwani. Alijua watu wanaongea, hakujua wanasema nini.

Kiwandani hilo halikuwa tatizo. Ukumbi mmoja ulikuwa na mitambo zaidi ya mia, na hakuna aliyemsikia mwenzake hata akimpigia kelele sikioni. Wafumaji waliongea kwa midomo. Ulimtazama mwenzako usoni, akalitamka neno polepole bila sauti, akaongeza mkono palipohitajika, nawe ukamjibu hivyo hivyo ukiwa mitambo minne mbali naye. Habari za matanga, za harusi, za msimamizi anayekuja upande ule, zote zilipita kimya katikati ya kelele.

Aliyesimama mbele ya Wilkister miaka hiyo yote alikuwa Wakonyo, mwanamke wa Murera, mfupi, mwenye midomo iliyolichonga kila neno. Walizoea hata saa ya chakula, nje kwenye nyasi, kuongea bila sauti. Walipozeeka na masikio ya wote wawili kwisha, urafiki wao haukupungukiwa na kitu. Nyumbani Wilkister alikuwa bibi kiziwi anayeulizwa jambo mara tatu halafu anaambiwa, "Basi, si muhimu." Kwa Wakonyo alikuwa mtu anayeongea saa sita mfululizo.

Aliishi Kamenu, orofa ya tatu, na mwanawe Jared na mke wa Jared, Tabby. Jared alisimamia duka la vifaa vya ujenzi Ruiru. Tabby alifundisha watoto wa chekechea. Walikuwa watu wema. Miaka miwili iliyopita bodaboda ilimgonga Wilkister kwa nyuma akitoka kununua sukuma wiki, pikipiki ambayo kila mtu barabarani aliisikia isipokuwa yeye. Alivunjika mfupa wa bega. Bega lilipona, lakini mlango haukufunguka tena kama zamani. Jared alimwambia Njau, askari wa geti, kwamba mama asitoke peke yake. Kisha akachukua simu ya mama, iliyokuwa ya Tabby kabla ya kupasuka kioo, akaweka programu iliyomwonyesha kwenye ramani mahali mama alipo.

"Lokesheni iwe on kila wakati, Mum," alimwandikia kwenye karatasi. "Ni kwa usalama wako."

Siku ya kwanza alipojaribu kutoka alimponyoka Njau, akafika sokoni Makongeni. Simu ikatetemeka mfukoni. *Mum uko wapi? Simama hapo.* Baada ya dakika ishirini Tabby alikuja kumchukua, akamshika mkono mbele ya wauza nyanya, akawa anatabasamu na kuomba radhi kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Wilkister alirudi, akapanda ngazi, akakaa kitandani. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi cha kuhesabu mawe.

Jioni hiyo alianza kuichunguza simu, akivuta kioo juu na chini, mpaka akakuta kialama kilichoandikwa *Mahali*. Akakibonyeza, kikafifia. Jumatano iliyofuata, siku ambayo Njau hakuwa zamu na aliyemshikia hakuwa ameambiwa lolote, alitoka. Alipanda matatu akashuka Ruiru, akapanda tuktuk hadi Murera, akabisha kwa Wakonyo. Simu haikutetemeka. Kwenye simu ya Jared, picha ya mama ilikuwa imetulia juu ya paa la Kamenu, pale ilipoonekana mara ya mwisho, na chini yake maandishi madogo ambayo Jared hakuyasoma. Mwaka mzima alikwenda hivyo, akirudi kabla ya saa kumi na kukiwasha tena kile kialama. Ilikuwa siku moja kati ya saba, na zile sita alizivumilia kwa ajili ya hiyo moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu Jared alifanikiwa kumpatia vifaa vya masikio. Tabby alimpeleka kliniki, orofa ya pili mjini Thika, kwa fundi wa masikio aitwaye Syokau, mwanamke mtulivu aliyejua kumtazama mgonjwa usoni anapoongea. Syokau alimvalisha viwili, vidogo kama maharagwe. Wilkister akasikia feni. Akasikia nguo za Tabby zikisuguana. Machozi yakamtoka bila yeye kuyaita.

"Hii ni sauti ya kuanzia," Syokau alisema. "Ya nyumbani, ya kanisani, ya mtu mmoja mbele yako, zote utachagua kwa simu. App itaomba ruhusa, mkubali."

Tabby alinyoosha mkono aichukue simu. Wilkister akaivuta. "Nitafanya nyumbani," alisema.

Nyumbani aliifungua. Bluetooth iliwaka, kisha yakatokea maneno. *Ungependa kuruhusu programu hii ijue mahali kifaa hiki kilipo?* Aliyasoma mara mbili, akaona ni jicho jingine la Jared. Akabonyeza *Kataa*. Programu ikamwambia haiwezi kutafuta vifaa. Akajaribu tena, ikauliza tena, akakataa tena.

Bila programu, vifaa vile vilikuwa na sauti moja tu, na sauti hiyo ilibeba kila kitu sawasawa. Sufuria, redio ya jirani, mlango wa chuma wa chini, maji bombani, vyote vilimgonga kichwani kwa nguvu ileile ya maneno. Ilikuwa kama kurudishwa ukumbini katikati ya mitambo, ila safari hii hakukuwa na Wakonyo mbele yake. Baada ya wiki moja alivitia kwenye droo.

"Mum, vaa hizo vitu," Tabby alimwandikia. "Jared anaumia akiona huvai."

Angemjibu nini? Akisema kwa nini, atakuwa amesema kila kitu.

Mwezi wa tano Wakonyo alipata kiharusi. Wilkister hakujua mpaka alipofika Jumatano na kumkuta kwenye kiti, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Wakonyo alimwona, macho yakang'aa, akaanza kuongea. Wilkister akamtazama midomo kama alivyoitazama miaka ishirini na tisa, na hakuona neno hata moja. Upande wa kulia ulichonga, wa kushoto ulifuata kama kitambaa kilicholegea, na pamoja hazikufanya neno.

"Rudia," alisema Wilkister.

Wakonyo akarudia. Akarudia tena. Mwishowe akafumba macho.

Binti yake, Maggie, alikuwa na saluni kando ya barabara. Asubuhi humwogesha mama, humlisha, humkalisha mbele ya televisheni, kisha hukimbia kazini na kurudi saa saba. Alimwandikia Wilkister nyuma ya bahasha: *Daktari anasema atapona polepole. Anaongea lakini si wazi. Nafikiri anataka sauti ya TV iongezwe, halafu nikiongeza anakasirika.*

Jumatano ya pili ikawa vilevile. Ya tatu Wilkister alivitoa vile vifaa kwenye droo, akavivaa ndani ya nyumba ya Wakonyo. Televisheni ikamlipukia. Kuku, bati likipanuka kwa jua, lori la mawe likipita nje. Katikati ya fujo ile kulikuwa na sauti ya mtu, alijua kwamba ipo, lakini hakuweza kuichomoa. Aliketi pale ameshika mkono mzima wa rafiki yake, na Wakonyo akasema jambo lilelile, urefu uleule, kama mtu anayebisha mlango mmoja.

Usingizi ulimpotea wiki hiyo. Ili amsikie Wakonyo, lazima simu iruhusiwe kujua alipo. Simu ikijua alipo, Jared atajua, na Jared akijua, hapatakuwa na Jumatano. Aliligeuza jambo hilo huku na huku akiosha vyombo, akikunja nguo, na kila alikogeukia alikuta ukuta.

Jumatano ya nne hakwenda Ruiru moja kwa moja. Alipitia kliniki, peke yake, akaweka simu mezani.

"Mimi nataka kusikia tu," alimwambia Syokau. "Kwa nini inataka kujua niko wapi?"

Syokau alivuta kiti akaketi mbele yake, uso kwa uso. "Hiyo app haina haja na mahali uko, mama. Inatafuta hivi vidude viko masikioni mwako. Shida ni vile inavyotafuta."

"Inatafutaje?"

"Ni kama mtu ameingia chumba chenye giza akanyamaza, anasikiliza nani yuko karibu. Kila kitu chenye Bluetooth kinataja jina lake. Spika ya jirani, saa ya mtu, TV. Vingine vinatembea. Vingine vimebandikwa ukutani havitoki. Kuna maduka makubwa yanaweka kidude mlangoni, kazi yake ni kutaja jina siku nzima. Sasa app ikisikia hilo jina, na inajua hicho kidude kiko mlango gani, si imejua na wewe uko hapo?"

Wilkister alifikiri. "Kama mitambo," alisema.

"Mitambo gani?"

"Kiwandani, wakati bado nilikuwa nasikia kidogo. Kila mtambo ulikuwa na mlio wake. Namba arobaini na mbili iligonga kama mtu wa mguu mmoja. Ungenifunga macho ukanizungusha, nikisikia hiyo najua niko karibu na mlango wa stoo."

"Basi ndiyo hiyo," Syokau alisema. "Anayesikia majirani zako anaweza kujua ulipo. Kwa hivyo waliotengeneza simu wakaweka sheria. App ikitaka kutafuta kwa Bluetooth, iombe ruhusa ya mahali, hata kama yenyewe haitaki kujua, ndiyo mwenye simu asifichwe. Simu mpya wametenganisha. Ziko na ruhusa nyingine, inaitwa vifaa vilivyo karibu. Hii yako ni ya zamani. Hata ukikubali, kama swichi kubwa ya Mahali imezimwa, haitatafuta kitu."

"Nikiiwasha, mwanangu ataniona."

Syokau hakuuliza zaidi. Aliichukua simu, akamwonyesha orodha. "Swichi kubwa ni kama geti la ploti. Ndani, kila app iko na mlango wake. Hii hapa ni ya masikio. Hii ni ya kijana wako. Ukifunga huo mlango wake, hatakuona tena. Lakini ataletewa ujumbe kwamba umeufunga."

"Kwa hivyo nikiacha, anajua. Nikifunga, anajua."

"Ndiyo. Na hiyo mimi siwezi kukubonyezea, mama. Ni simu yako na ni mtoto wako."

Kidole cha Wilkister kilikaa juu ya jina la programu ya Jared bila kugusa. Alimfikiria mwanawe, mtoto aliyemzaa, ambaye mwaka mzima alikuwa anamkwepa kama alivyokuwa akimkwepa msimamizi wa zamu. Akarudisha mkono.

"Wacha iwe," alisema. "Akiona, aone nikiwa nimefika."

Aliwasha Mahali, akairuhusu programu ya masikio, na kwa mara ya kwanza ikavikuta vifaa vyake, cha kulia kisha cha kushoto. Syokau akamfundisha kuchagua: mtu mmoja mbele yako. Kisha Wilkister akaenda Murera upesi, maana alijua muda wake ni mchache.

Alipoingia alizima televisheni. Akapiga magoti mbele ya kiti, akachagua kama alivyofundishwa, na kelele za bati na kuku zikarudi nyuma kama watu waliopisha njia.

"Sema," alimwambia Wakonyo.

Sauti aliyoisikia ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Alikuwa ameisahau kabisa. Maneno yalikuwa yamepondeka, lakini alitazama upande wa kulia wa mdomo na masikio yakajaza upande wa kushoto, na mara ya tatu sentensi ikakaa.

"Nigeuze. Nimechoka kuangaria ukuta."

Wilkister aligeuka akatazama. Kiti kilielekea televisheni, na nyuma ya televisheni kulikuwa na ukuta wa bati lililobandikwa magazeti. Mlango, ua, mparachichi, njia ya watu, vyote vilikuwa nyuma ya kisogo cha Wakonyo. Wiki nne alikuwa amesema neno hilo moja, na binti yake alikuwa anamwongezea sauti ya televisheni.

Alishika kiti kwa mikono miwili akakigeuza, kidogo kidogo, mpaka kikauelekea mlango. Wakonyo alitazama nje.

Wilkister alikuwa bado ameinama, anashika bega lake lililovunjika zamani, sauti ya mwanamume ilipomwingia kichwani. Haikutoka chumbani. Ilikuwa ndani kabisa ya masikio.

"Mum?"

Alisimama wima. Hakuwa ameambiwa kwamba simu zingemjia huko na kujipokea zenyewe.

"Mum, unanisikia?"

"Nakusikia, Jared."

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Jared amwite mama kwa simu akajibiwa.

"Uko Murera kufanya nini? Nani amekupeleka?"

"Nimejileta."

"Usitoke hapo. Nakuja."

Alifika kabla ya saa moja kwisha, koti la dukani bado mwilini, viatu vyeupe kwa saruji. Alisimama mlangoni akamtazama mama, kisha mwanamke aliyepooza, kisha mama tena. Funguo za gari zilikuwa zinalia mkononi mwake, na Wilkister sasa alizisikia.

"Umekuwa ukija huku tangu lini?"

"Mwaka mzima. Kila Jumatano."

"Simu ilikuwa inaniambia uko nyumbani."

"Ilikuwa inakuonyesha iliponiona mwisho. Nilikuwa naizima."

Jared aliegemea mwimo wa mlango. Alipoongea tena hakupandisha sauti. "Mum, ile siku ya bodaboda nilipigiwa na mtu simjui. Akauliza, mwenye hii simu ni nani yako? Nikasema ni mamangu. Akanyamaza. Alinyamaza sana, Mum. Nilikuwa nimesimama kwa kaunta na wateja wananiangalia, na mimi najua umekufa."

Huenda alikuwa amewahi kuyasema hayo zamani, naye hakusikia. Wilkister aliyapokea kama habari mpya.

"Kiwandani tulikuwa tunaomba kadi kwenda choo," alisema. "Msimamizi alijua dakika niliyotoka na dakika niliyorudi. Nilifikiri hiyo imeisha."

"Mimi si msimamizi wako."

"Unajua hata saa ninayotoka kitandani, Jared."

Wakonyo akasema kitu. Jared, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, hakushika hata neno. Alimtazama mama.

"Anasema utoke mlangoni," Wilkister alimfasiria. "Unamzibia."

Jared alisogea. Mwanga ukaingia mpaka miguuni pa Wakonyo.

Maggie aliporudi kwa chakula cha mchana aliwakuta wote watatu wakitazama nje. Wilkister alimweleza jambo la kiti. Maggie aliweka mfuko chini, akaingia jikoni, akakaa huko muda kabla ya kutoka na chai.

Njiani kurudi Thika Jared aliweka masharti, akiendesha polepole. Jumatano ataenda. Njau ataambiwa amfungulie. Lakini Mahali isizimwe tena hata dakika moja, na akitoka apige, akifika apige. Na atachukuliwa na mtu wa tuktuk ambaye Jared mwenyewe amemchagua. Wilkister alikubali kila sharti. Hakuwa na kitu cha kutoa badala yake.

Tangu siku hiyo huenda Murera bila kujificha. Wakonyo ameanza kukunja vidole vya kushoto. Huongea, na Wilkister humtazama nusu ya mdomo na kusikiliza nusu nyingine, na hadithi nyingi za kiwandani zimerudi. Lakini katikati ya hadithi sauti ya Jared humwingia masikioni bila kubisha. Mum, umekula? Mum, mbona tuktuk ilisimama pale Ruiru dakika kumi? Zamani alikuwa anaandika ujumbe, na ujumbe ungeweza kungoja. Sasa yuko ndani ya kichwa chake, na Wilkister akivua vifaa ili aepuke sauti ya mwanawe, anampoteza Wakonyo.

Mwezi wa nane Jared alimletea simu mpya, kioo kizima. Wilkister aliipeleka kwa Syokau aunganishiwe. Programu ya masikio iliuliza kuhusu vifaa vilivyo karibu, akakubali, na haikuuliza neno lolote kuhusu mahali.

"Kwa hii, hizo ruhusa mbili hazijashikana tena," Syokau alimwambia. "Unaweza kuzima Mahali na bado ukasikia vizuri."

Alimwonyesha ilipo swichi. Wilkister aliitazama vizuri, akashukuru, akaitia simu kwenye mkoba.

Hajaizima. Kuna Jumatano anazoitazama akiwa amekaa kando ya kiti cha Wakonyo, kidole kikiwa karibu. Anajua kwamba picha yake ikikwama kwenye ramani, Jared ataacha wateja kwenye kaunta atoke mbio na lile koti la dukani. Kisha sauti ya Jared humwingia masikioni. Humwinulia Wakonyo kidole angoje, humwambia mwanawe kwamba ndiyo, amefika, yuko salama, na hungoja mpaka yeye akate.